Kamashine ka kupima udongo: tuulize nini kabla ya kutoa dola zetu?

Tangu msimu uliopita koperative za Walungu na Kabare zinatuuliza swali lile lile. Kuko wachuuzi wanaopita na kamashine kanakoingia mfukoni. Wanakaweka juu ya udongo, mwanga unawaka, na kisha dakika chache telefone inasema shamba linaomba mbolea gani. Tununue ao tuache?

Kusema kweli, kamashine siyo uongo. Kanatoa mwanga usioonekana kwa macho, ule ulio ng'ambo ya rangi nyekundu. Udongo unakula sehemu ya mwanga huo na kurudisha ingine: mfinyanzi unakula kwa namna yake, mboji kwa namna yake. Mashine inasoma kilichorudi. Zamani kazi hiyo iliomba mashine ya kujaza meza ndani ya maabara, yaani laboratware, kama ile ya ICRAF kule Nairobi. Leo wahandisi, kwa mfano wale wa imec nchini Ubelgiji, wanapitisha mwanga ndani ya vijia vyembamba kuliko unywele, vilivyochorwa juu ya kipande cha silikoni kama vile vya ndani ya telefone. Ndiyo maana vyombo vinazidi kuwa vidogo. (Mahali pa kupokea mwanga juu ya kipande hicho mara nyingi panawekwa jemaniamu, madini ambayo nchi yetu inayatoa Lubumbashi. Lakini hiyo ni hadithi ingine.)

Shida iko hapa: mashine inaona mwanga, haijui udongo. Kila inachosoma inakilinganisha na udongo mwingine uliokwisha pimwa kwa dawa za maabara. Kama ilifundishwa kwa udongo wa Ulaya, itakisia tu juu ya vilima vyetu. Mwaka 2021 watafiti walitangaza mkusanyo wa kwanza wa alama za udongo wa Afrika ya Kati, sampuli zaidi ya 1,800, na Kivu ya Kusini imo. Ni mwanzo mzuri, ila kutoka Kabare hadi Walungu udongo unabadilika sana.

Na kuko fosfori. Udongo mwekundu wa Walungu una asidi nyingi. Aluminiamu na chuma vinaifunga fosfori, maharagi yanakosa chakula hata kama tumeweka mbolea. Sasa, mwanga huo unaonyesha vizuri mboji na mfinyanzi, lakini fosfori ile mmea unaweza kuchukua unaionyesha vibaya. Yaani jambo tunalolihitaji zaidi ndilo mashine inalijua kidogo zaidi.

Tumeliona kwa macho. Koperative moja ya akina mama ilipimiwa shamba asubuhi baada ya mvua, ikachukua mkopo, ikanunua mbolea iliyoandikwa kwenye telefone. Maharagi yakabaki mafupi. Tulipochukua udongo ule ule, tukauanika siku tatu, tukaupima na kamashine kale kale, jibu likawa lingine. Maji nayo yanakula mwanga. Mchuuzi hakuwaambia hilo. Mkopo ungali unalipwa.

Kwa hiyo mchuuzi akifika, komite imuulize: mashine hii ilifundishwa kwa udongo wa wapi? Fosfori inaipima kweli ao inakisia? Akubali pia kupima udongo mmoja mara tatu mbele yenu. Akikasirika, mpeni chai aende zake.

Sisi hatusemi mkatae. Kukagua mboji kwenye mashamba mengi kwa siku moja, hakuna laboratware itakayoweza kwa bei hiyo. Ila kwanza sampuli za vilima vyetu zipimwe kwa dawa, ili mashine ipate cha kulinganisha. Kila koperative inayotaka ichimbe sentimita 20 za juu, mahali 10 hadi 15 kwa shamba moja, ichanganye, ianike kivulini juu ya shitingi safi, isiyo na majivu wala mbolea. Nusu kilo inatosha. Andikeni juu ya mfuko jina la kilima, zao la mwisho na kama mliweka chokaa, kisha mmupatie mwanakilimo wetu atakapopita kabla ya mvua za Septemba.