Kupima Kaboni ya Msitu wa Mlimani

Siku hizi vijijini wanafika watu wenye mikataba ya kaboni. Kabla ya kuweka sahihi, tujue inavyopimwa.

Mti huvuta hewa ya kaboni na kuiweka kwenye mbao na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Si lazima tuukate. Tunazungusha tepu ya fundi wa nguo kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini, kisha tunagawa kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 94 ni kipenyo cha karibu 30. Kutokana na kipenyo, urefu na aina ya mti, uzito hukadiriwa.

Lakini mlima si shamba moja. Mlima Kenya, chini kuna miti minene kama muthaiti. Kwenye mita 2,500 hivi utakuta mianzi, ambayo ndani ni wazi, hivyo hesabu yake ni nyingine. Juu zaidi miti ni mifupi, lakini kwa baridi majani huoza polepole na kaboni nyingi hubaki udongoni.

Basi mkiletewa hesabu, ulizeni: Mlipima kila kimo? Na udongo je? Kipimo cha bondeni kisiuze mlima mzima. Kuuliza si ujinga.