Dau kwa mchezo usioujua

Je, msomaji, kijana wako hukesha na simu mwezi wa Oktoba hadi saa tisa usiku, ilhali hakuna mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza saa hizo? Usikimbilie kudhani ni mitihani. Yamkini anafuatilia besiboli, mchezo ambao huenda hajapata kuuona ukichezwa Kitengela wala Kajiado mjini, lakini ambao umo kwenye orodha za kampuni za kamari kandanda inapoadimika.

Fainali za besiboli za Marekani, World Series, huchezwa jioni kwa saa za kwao. Timu mbili hukutana hadi mara saba, na inayotangulia kushinda mechi nne hutwaa ubingwa. Hakuna sare. Hilo ndilo huwavutia wengi: timu ni mbili tu, utakosaje?

Utakosa hivi. Chukua timu mbili zinazotoshana nguvu. Kampuni haitakupa mara mbili ya dau lako, itaandika 1.90 kila upande. Weka shilingi 100 huku na 100 kule, utakuwa umetoa 200. Ashinde atakayeshinda, unarudishiwa 190. Kumi zimebaki kwa mwenye duka, naye hata hajui kurusha mpira.

Sasa njoo kwenye mkeka, ambao vijana wetu huupenda kuliko dau la mechi moja. Unganisha mechi tano za namna hiyo na shilingi 100 zinaahidi 2,476 hivi. Zinanukia! Lakini nafasi ya kupatia zote tano ni moja kati ya 32, kwa hivyo malipo ya haki yangekuwa 3,200. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo fungu la kampuni linavyonenepa. Kwenye ile bahati nasibu ya mechi 17 za kandanda, iliyompa Samuel Abisai shilingi milioni 221 mwaka wa 2017, kuna mikeka tofauti 129,140,163. Wakenya wote waliohesabiwa mwaka wa 2019 hawakufika nusu ya idadi hiyo.

Besiboli ina mitego yake pia. Unaweza kubashiri mshindi, jumla ya alama za timu zote mbili, au kama timu kali itashinda kwa alama mbili au zaidi. Anayeujua mchezo huu huuliza kwanza nani anaanza kurusha mpira, kwa kuwa mrushaji mmoja hubadilisha kila kitu. Na mrushaji huyo naye ni binadamu. Novemba 2025 warushaji wawili wa timu ya Cleveland walishtakiwa huko New York, wakidaiwa kupanga mirusho ili wacheza kamari wafaidike. Wewe uliye Kitengela ungelijuaje hilo?

Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Hata hivyo, mzazi, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako haimtambui anayeibonyeza. Tazama taarifa ya M-Pesa ya mwezi mzima, si ya jana tu, na ujumlishe zile ishirini ishirini na hamsini hamsini. Wengine wataona hapo pesa za kodi ya nyumba, au karo iliyotumwa chuoni ikarudi njiani.

Na anayesema Toronto walikuwa "hakika" mwaka wa 2025 akumbushwe yaliyotokea. Waliongoza Los Angeles Dodgers kwa mechi tatu kwa mbili. Katika mechi ya saba walikuwa mbele 4-3 katika duru ya tisa, wakibakiza wapigaji wawili tu wa kutoa. Dodgers wakasawazisha, wakashinda 5-4 katika duru ya 11. Huku kwetu Jumapili ilikuwa imekwisha kupambazuka, na mikeka ya Toronto imechanika.