LIDICE: KIJIJI KILICHOFUTWA KWENYE RAMANI

Kwa kawaida jiografia ya kijiji huelezwa kwa kutaja mto wake, udongo wake na umbali wake kutoka mjini. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Katika makala haya tutaeleza habari za Lidice, kijiji kidogo cha Jamhuri ya Cheki, ili tuone kijiji ni kitu gani hasa.

Mahali na Kazi

Lidice iko kiasi cha kilometa 20 kaskazini-magharibi ya Praha, karibu na mji wa Kladno. Jina lake limo katika maandishi tangu karne ya 14. Kwa karne nyingi wakazi wake walikuwa wakulima chini ya makabaila. Machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya Kladno vilipopanuka katika karne ya 19, wanaume wengi wa kijiji waliingia katika kazi hizo. Mwaka 1942 kilikuwa kijiji cha watu wapatao 500, chenye shule na kanisa la Mtakatifu Martin. Hakikuwa na ngome wala kambi ya jeshi.

Maangamizi

Mwezi Machi 1939 majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yaliikalia nchi hiyo. Tarehe 27 Mei 1942 Jozef Gabčík na Jan Kubiš, askari wa Chekoslovakia waliopata mafunzo Uingereza, walimshambulia mjini Praha Reinhard Heydrich, mtawala wa Kinazi. Alikufa tarehe 4 Juni. Wanazi wakatafuta pa kulipizia kisasi. Lidice ilishukiwa kwa sababu ya barua moja, na kwa kuwa vijana wa familia mbili za hapo walikuwa katika jeshi la Chekoslovakia huko Uingereza. Ushahidi kwamba kijiji kilihusika haukupatikana.

Tarehe 10 Juni wanaume 173 walipigwa risasi katika shamba la familia ya Horák. Wengine ambao hawakuwapo siku hiyo waliuawa baadaye mjini Praha. Wanawake walipelekwa katika kambi ya Ravensbrück. Watoto walitenganishwa na mama zao: 82 waliuawa kwa gesi huko Chełmno, na wachache wakagawiwa kwa familia za Kijerumani ili wasahau lugha na asili yao.

Kisha mafashisti waliigeukia ardhi yenyewe. Walichoma na kulipua nyumba, wakabomoa kanisa, wakafukua makaburi na kugeuza mkondo wa kijito. Hawakuficha, walitangaza kitendo hicho redioni ili kuwatisha wengine.

Jibu la Wafanyakazi

Tangazo hilo lilizaa kinyume cha matumaini yao. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, daktari Barnett Stross pamoja na wachimbaji wa makaa ya mawe walianzisha kampeni ya kuchanga fedha ili Lidice ijengwe tena. Wachimbaji hao walikuwa hawajapata kuiona Lidice, lakini maisha ya shimoni waliyajua. Nchini Mexico kijiji kimoja kilipewa jina la Lidice.

Baada ya vita walirudi wanawake 143 na watoto 17. Mwaka 1947 liliwekwa jiwe la msingi la kijiji kipya, kama meta 300 kutoka mahali pa zamani, ambapo pameachwa wazi pawe kumbukumbu. Mwaka 1955 ilifunguliwa bustani ya waridi yenye miche iliyotolewa na watu wa nchi nyingi.

Fundisho

Tujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa Wanazi walifaulu. Walibadilisha hata njia ya maji, lakini kijiji ni watu, kazi yao na uhusiano wao, na hayo hayafutwi kwa baruti. Kosa la pili ni kudhani kuwa mshikamano uliponya kila kitu. Watu 340 hawakurudi, na mama wengi walihamia nyumba mpya bila watoto wao. Mshikamano haufufui wafu. Kazi yake ni kuwasimamia waliobaki, na kumnyima muuaji neno la mwisho.

Basi anayejifunza kijiji chochote aanze kwa kuuliza: ni nani wanaoishi hapa, wanafanya kazi gani, na wanasimama na nani? Mto na udongo vifuate.