Bustani ya Nyumbani Katika Nchi Kavu ya Diff

Watu wengi wakisikia jina la Diff, kule kusini mwa Wajir karibu na mpaka wa Somalia, hufikiri ngamia, mbuzi na vumbi. Ni kweli kwamba mifugo ndiyo mali ya nchi ile, kwani mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haizidi milimita 400. Hata hivyo bustani ndogo ya mboga karibu na nyumba si jambo lisilowezekana. Yafaa tu ijulikane kwamba katika nchi kavu bustani haipimwi kwa ukubwa wa shamba, bali kwa ndoo za maji.

Wasomali huugawa mwaka katika majira manne, na mwenye bustani hana budi kuyafuata. Jilaal, yaani kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, ni wakati wa matayarisho. Samadi ya mbuzi, ambayo hakuna boma lililoikosa, hukusanywa na kuachwa ioze vizuri, kwa maana samadi mbichi huunguza miche. Ua wa miiba hutengenezwa kabla ya kupanda, wala si baada yake. Mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya miezi miwili kwa dakika chache.

Mvua za Gu zinapoanza, yapata Aprili, mbegu hutiwa ardhini bila kukawia. Vitanda vya nchi kavu havinyanyuliwi kama vya nchi za milimani. Huchimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili kila tone libaki pale pale. Kunde na mchicha ndizo mboga za kuanzia, kwa kuwa huvumilia joto, na majani yake huweza kuchumwa baada ya wiki nne hivi. Furaha ya watoto wanapochuma mboga waliyoimwagilia wenyewe haina kifani.

Hagaa huja na upepo mkavu, nayo ndiyo inayomjaribu mkulima. Hapo ndipo gunia linapofaa. Kopo lisilo na matako husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo, kisha udongo wenye samadi huzungushiwa pembeni. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo mpaka nguzo ya mawe ifike mdomoni. Miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni, na maji yamwagwayo juu ya mawe huenea gunia zima. Magunia ya namna hii yamewahi kutumiwa katika kambi za Dadaab, upande wa Garissa. Maji yaliyosuuzia vyombo au mboga yatosha kuyanywesha, ili maji ya kunywa yasiguswe.

Lakini maji ya visima virefu mara nyingi huwa na chumvi, na chumvi hiyo hubaki udongoni maji yakaukapo. Maharagwe hudhoofika upesi kwa chumvi, hali spinachi huivumilia zaidi, na mtende hushinda yote miwili. Ni vema kumwagilia jioni, shinani wala si majanini, na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Mvua za Deyr, Oktoba hadi Desemba, zikinyesha vema huiosha chumvi hiyo na kuishusha chini ya mizizi, na upandaji huanza upya.

Walakini mvua haziahidi kitu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ikafa kaskazini mwa Kenya. Mwaka 2023 Deyr ikaleta mafuriko. Mtu asidhani, basi, kwamba magunia mawili ya mchicha yangeokoa kundi la ngamia. Faida yake ni nyingine. Maziwa yapungukapo, chakula cha watoto hubaki wali au ugali mtupu, na konzi moja ya majani mabichi hurudisha sehemu ya kile kilichopotea.

Kwa hiyo mwenye kuanza aanze na gunia moja, alitunze kwa mwaka mmoja, na ahifadhi mbegu za mimea iliyostahimili zaidi. Akiisha kujua gunia moja lanywa maji kiasi gani, ndipo aongeze la pili. Haba na haba hujaza kibaba.