Saa Iliyo Kwenye Arifa: Isome Vizuri Usikose Basari

Wakazi wanaoomba basari, kazi au zabuni kupitia tovuti wamezoea arifa zinazoingia kwenye simu hata kama hawajaifungua tovuti yenyewe. Kando ya arifa huwa kuna saa. Wengi huamini kwamba ndiyo saa ambayo ujumbe ulitumwa, lakini si lazima iwe hivyo.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii. Saa tisa alasiri, ofisi inatuma arifa: "Zimebaki saa mbili maombi yafungwe." Simu yake imeisha chaji. Anapoiwasha saa kumi na mbili jioni, arifa inaingia ikiwa na neno "sasa". Anakimbia kutafuta nakala ya kitambulisho, kumbe maombi yalifungwa saa kumi na moja.

Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, ujumbe huhifadhiwa kwenye mitambo ya huduma ya kivinjari hadi simu ipatikane. Tovuti isipotaja saa, kivinjari huandika saa ambayo arifa imeonyeshwa. Mtengenezaji wa tovuti anaweza kuweka saa halisi ya kutuma. Huiandika kama idadi ya milisekunde tangu Januari 1, 1970, saa sita usiku kwa saa za kimataifa, yaani saa tisa usiku hapa Kenya. Simu huigeuza namba hiyo kuwa saa ya mahali ilipo, hivyo saa tisa ya Bungoma itasomeka saa kumi kwa ndugu aliye Muscat. Hata hivyo, si vivinjari vyote vinavyoifuata namba hiyo.

Mkazi afanye nini?

- Aweke tarehe na saa ya simu zijirekebishe zenyewe, na eneo la saa liwe Nairobi.
- Akumbuke kwamba 17:00 ni saa kumi na moja jioni, wala si saa tano.
- Afungue tovuti yenyewe na kusoma tarehe ya mwisho kabla ya kuamua lolote.

Ofisi na vikundi vinavyotuma arifa navyo viepuke maneno kama "leo" au "zimebaki saa mbili". Tarehe na saa kamili zikiandikwa ndani ya ujumbe, hata utakaochelewa kufika hautampotosha msomaji.