Je, Wajua? Kabla Hujahama, Iulize Mvua

Anayehama huulizia kodi, umbali wa shule na bei ya mchele. Hali ya hewa huiulizia akishashusha vyombo, mkataba umeshatiwa saini. Kabla hujaita lori, pitia haya.

Je, wajua kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzijoto 6? Moshi na Arusha zinatenganishwa na safari ya kilomita 80 hivi, lakini Arusha iko juu zaidi kwa mita mia kadhaa. Anayetoka Moshi mjini ataongeza blanketi ingawa hajafika mbali.

Je, wajua kwamba maharage ya Njombe hula mkaa mwingi kuliko ya Dar es Salaam? Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100. Sufuria inatokota, ila moto wa kuivisha haujatimia. Bajeti ya nishati ihame pamoja nawe.

Je, wajua kwamba Tanzania ina kalenda mbili za mvua? Pwani ya kaskazini, nyanda za kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, kisha masika kuanzia Machi hadi Mei. Dodoma, Singida, Mbeya na Songea zina msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili. Mtu wa Tanga akihamia Singida na kungoja Machi ndipo apande mahindi, atawakuta wenyeji wanahesabu magunzi.

Je, wajua kwamba paa lako ni kisima? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 50,000. Tatizo ni kwamba karibu zote hushuka kati ya Desemba na Machi, kisha miezi inapita bila tone. Watumishi wengi wa umma waliohamia huko baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma wamejifunza: tangi kwanza, makochi baadaye.

Je, wajua kwamba nyuzijoto 32 za Dar si nyuzijoto 32 za Dodoma? Pwani hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na mwili haupoi. Dodoma jasho hukauka upesi, lakini midomo hupasuka na vumbi hulala juu ya meza. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya, kwa hiyo kazi ngumu za juani zianze taratibu.

Je, wajua kwamba mlima una uso na kisogo? Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kama Machame, Kibosho na Marangu, hupokea mvua nyingi na migomba husitawi. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi. Ukiambiwa kiwanja kiko "chini ya mlima", uliza: upande upi?

Je, wajua kwamba Kericho na Nandi, nchini Kenya, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani? Wakulima wa chai huko wanaijua hasara yake.

Je, wajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28? Namba ikikua, bati hupungua unene. Karibu na bahari, upepo wa chumvi hulila bati haraka, na paa rahisi la leo ndilo litakalokugharimu kesho.

Je, wajua kwamba mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Makete, ambako malaria ni nadra, hana kinga ya kutosha akihamia bonde la Kilombero? Chandarua kitundikwe usiku wa kwanza. Na aliye na selimundu aongee na daktari kabla ya kuhamia nyanda za juu, kwani baridi huweza kuamsha maumivu.

Je, wajua kwamba sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari? Maji hufuata mkondo, hata mkondo ukijengwa nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam yaliwaondoa watu makwao, na baadhi walihamishiwa Mabwepande.

Basi ukionyeshwa nyumba, tazama ukutani kama kuna mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake, na kama majirani wameinua vizingiti vya milango. Kisha nenda kwa muuza genge wa karibu, nunua nyanya, umuulize: "Masika yaliyopita maji yalifika wapi?" Dalali hupenda kuonyesha nyumba kiangazi. Wewe rudi siku ya mvua.