Ukilala kwenye machela, baridi hukujia kwa chini

Kila mwaka kuanzia Machi, watu huondoka kwa miguu mlima Springer, jimbo la Georgia, wakiulenga mlima Katahdin huko Maine. Njia hiyo ya Appalachian ina urefu wa takriban kilomita 3,500 na inakatiza majimbo 14 ya Marekani. Wengi hubeba hema. Wengine huchagua machela ya kufunga mitini, kwa sababu ardhi ya kule imejaa mawe na mizizi, ila miti haikosekani.

Lakini Machi kule bado ni baridi. Katika milima ya Great Smoky njia hupanda hadi zaidi ya mita 2,000, na theluji ya Aprili si kioja. Mgeni wa machela hununua mfuko mnene wa kulalia, akajifunika gubigubi, kisha usiku wa manane akashtuka kifua kina joto, mgongo na makalio vimekufa ganzi.

Mfuko hautengenezi joto. Mwili ndio hulitengeneza, na hewa iliyonaswa ndani ya manyoya ya mfuko hulizuia lisitoroke. Uzito wa mlalaji ukiyakandamiza manyoya ya chini, hewa inatoka na kinachobaki ni kitambaa tu, huku upepo ukipita chini yake usiku kucha. Daraja nalo hupitiwa na upepo chini, ndiyo maana vibao vya barabarani Marekani huwaonya madereva kwamba daraja huganda kabla ya barabara.

Dawa yake ni mfarishi wa chini, unaoning'inizwa nje ya machela ili mwili usiulalie. Kazi ni kuufunga. Ukilegea, baridi hujipenyeza katikati. Ukikazwa mno, manyoya hubanwa na faida yote inapotea. Lala, umwombe mwenzako apitishe kiganja kati ya mfarishi na machela: pasiwe na uwazi, wala pasikaze.

Mifarishi mizuri ya manyoya ya bata ni ghali. Asiye na pesa atandike mkeka wa sponji. Utateleza, utakutoa jasho, utakuudhi; lakini utafanya kazi, na kwa maoni yangu una thamani kuliko mfuko wa pili wa kulalia. Turubai la juu ya machela nalo lishushwe, upande wa upepo uzibwe. Ule kabla ya kulala, uvae soksi kavu, chupa ya maji ya moto uiweke mapajani. Usipumulie ndani ya mfuko, maana mvuke hulowesha manyoya, na yakilowa hayana kazi. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe chini ya turubai lililozibwa pande zote: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.

Nawe wa Njombe au Lushoto unayetaka kujaribu kwenye baridi ya Julai, anzia kwenye miti ya uani kwako, na sponji tu. Ukishindwa, mlango uko karibu.